Mlinzi wa Amin Asiyejua Kiswahili

Ndugu msomaji, ukitaka kuanzisha ubishi pale Mkuu, usihangaike na siasa wala na Simba na Yanga. Uliza tu swali moja: mieleka ya kwenye video ni ya kweli au ni maigizo? Hapo utawaona wazee waliokuwa wakinywa mbege yao taratibu wanaweka kata chini. Mmoja atasema ni ya kweli, maana damu aliiona kwa macho yake. Wa pili atasema ni uongo mtupu, maana mtu hawezi kupigwa kiti cha chuma mgongoni halafu akaamka na kukimbia. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye aliyelewa kuliko wote, atasema wenzake wote wawili wako sahihi. Mimi nimeishia kukubaliana na huyo wa tatu, lakini imenichukua miaka ishirini kufika hapo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mshabiki. Siandiki kama profesa wa historia. Naandika kama mtu aliyekaa kwenye mbao za kibanda cha video, magoti yamebanwa, mbele yake kichwa cha mtu mrefu, akitoa macho kama bundi. Lakini mshabiki naye ana historia yake, na ninayotaka kuisimulia inamhusu mwanamieleka mmoja aliyeitwa Kamala, Jitu la Uganda.

Ilikuwa Agosti 2003, nikiwa darasa la sita. Jumamosi tarehe 16 Idi Amin alifariki Jeddah, Saudi Arabia, na redio ikatangaza. Mwenye kibanda cha video karibu na soko alikuwa mtu wa biashara, hakungoja arobaini. Wiki ileile aliandika kwa chaki kwenye ubao wake: LEO AMIN MARA MBILI. Picha ya kwanza ilikuwa sinema, The Rise and Fall of Idi Amin. Ya pili ilikuwa kanda kuukuu ya mieleka, picha inacheza-cheza, iliyovuka mpaka kutokea upande wa Kenya. Pembeni aliandika: KAMALA, MLINZI WA AMIN.

Siku hiyo alikuja mtu ambaye hatukuwahi kumwona kibandani. Alikuwa baba yangu mdogo. Kwa miaka yote alikuwa akipita pale na fimbo yake bila kugeuza shingo, mguu mmoja haukunji. Sisi watoto tulijua kwamba mguu ule ulitoka nao vitani, basi. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Alilipa kiingilio kama watu wote, akakaa ubao wa nyuma, fimbo katikati ya miguu. Nitarudi kwake. Kwanza nieleze huu mchezo ulivyotoka huko ulikotoka, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini jioni ile bado ninayo kichwani.

Kwa Kiswahili chetu, kupiga mweleka ni kuanguka, tena kuanguka kwa kishindo. Mtu akiteleza kwenye tope la masika pale sokoni, watu husema kapiga mweleka. Nimewahi kufikiri kwamba waliotupa neno hili waliuelewa mchezo kuliko Wamarekani wenyewe. Mwanamieleka halipwi kwa kushinda, maana mshindi huwa amekwisha kupangwa. Analipwa kwa kuanguka vizuri.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1908 pale Chicago, Frank Gotch wa Marekani alikutana na George Hackenschmidt, ambaye Ulaya walimwita Simba wa Urusi. Walishikana kwa zaidi ya saa mbili mpaka Hackenschmidt akakata tamaa. Fikiria, saa mbili watu wanatazama wanaume wawili waliokumbatiana! Mashabiki wa namna hiyo hawakudumu. Miaka ya 1920 jamaa watatu, yaani Ed Lewis aliyeitwa Mkabaji, meneja wake Billy Sandow, na Toots Mondt, walikaa chini wakaugeuza mchezo. Wakaweka muda maalumu, wakaongeza mitupo na vishindo, wakawaajiri wanamieleka wawe wanazunguka nao mji kwa mji, na wakapanga nani atashinda wapi. Televisheni ilipoingia katika nyumba za Wamarekani baada ya Vita Kuu ya Pili, mieleka ilikuwa tayari: ulingo mmoja, kamera chache, mtu mwema na mtu mbaya. Ni kama sinema tu, steringi na adui.

Siri ya mchezo ilikuwa kutosema. Adui alitakiwa kuwa adui hata akiwa dukani ananunua sigara. Ndiyo maana Mei 1987 kulizuka kizaazaa huko New Jersey. Polisi walisimamisha gari moja, ndani wakawakuta Iron Sheik, Mwirani aliyekuwa akiitukana Marekani kila siku ulingoni, na Jim Duggan, Mmarekani aliyekuwa akipeperusha bendera ya nchi yake mbele ya pua ya Mwirani huyo. Maadui wakubwa, kumbe wanapeana lifti! Walikamatwa na dawa za kulevya, lakini nasikia mabosi wao waliumia zaidi kwa sababu ya ile lifti. Halafu mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, WWF, ikaenda yenyewe mbele ya baraza la jimbo hilohilo la New Jersey ikaeleza kwamba mieleka ni burudani, si mashindano halisi, ili isiendelee kusimamiwa na tume ya michezo. Yaani siri iliyolindwa kwa miaka mingi ilitolewa ili kupunguza gharama. Sisi Mkuu habari hizo hazikutufikia. Mwaka 2003 tulikuwa bado tunapigana ngumi kwa sababu ya Hogan na Undertaker.

Sasa tuje kwa Kamala. Jina lake la kweli ni James Harris. Alizaliwa mwaka 1950 Senatobia, katika jimbo la Mississippi, katika familia ya wakulima weusi waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Baba yake aliuawa kwa risasi yeye akiwa bado mdogo. Alichuma matunda Florida, akaendesha malori, akaingia kwenye mieleka mwaka 1978. Alizunguka mpaka Uingereza, akavunjika kifundo cha mguu, akarudi kwao. Mwaka 1982 pale Memphis alikutana na Jerry Lawler, mwanamieleka, na Jerry Jarrett, mwandalizi. Hao wawili walikuwa wanatafuta jitu la kutisha. Harris alikuwa na mwili wa kutisha kweli: karibu mita mbili, na ratili 380 kwa jinsi alivyotangazwa. Wakamvua viatu, wakamfunga kaniki ya chui, wakampaka rangi usoni, nyota tumboni, miezi kifuani. Jina wakalichota kwenye jina la Kampala. Picha za kumtambulisha walizipiga shambani kwa Jarrett huko Tennessee, moshi wa bandia ukifuka kati ya miti, wakasema hapo ni Afrika. Na ili watu waogope sawasawa, wakaongeza kwamba jitu hili lilikuwa mlinzi wa Idi Amin.

Ona mwaka huo, msomaji: 1982. Amin alikuwa amepinduliwa miaka mitatu tu kabla. Watu wa Kagera walikuwa bado wanajenga upya nyumba zilizochomwa. Huku kwetu tulikuwa bado tumefunga mikanda kwa sababu ya gharama za vita. Sabuni ya kipande ilikuwa habari ya kusimulia. Wakati huohuo, huko Memphis, jina la Amin lilikuwa linauza tiketi.

Na Kamala hakuwa peke yake. Mwaka 1990 WWF ilimchukua Tony Atlas, mtu aliyekwisha kuwa bingwa wa timu za wawili-wawili mwaka 1983 pamoja na Rocky Johnson, baba yake yule The Rock. Wawili hao walikuwa weusi wa kwanza kuushika mkanda ule. Safari hii wakamvisha manyoya kichwani, wakampa mkuki na ngao, na jina la Kiswahili: Saba Simba. Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakohoa. Saba Simba! Mtoto wa darasa la kwanza pale Mkuu angemsahihisha: ni simba saba. Lakini nadhani hakuna aliyeuliza. Neno lilikuwa na sauti ya Afrika, ikatosha. Huyo msaidizi aliyekuwa akimwongoza Kamala, mwenye kinyago na kofia ya msafara kama mzungu mwindaji, aliitwa Kim Chee, ambayo ni kachumbari ya Kikorea. Kwa hiyo mlinzi wa rais wa Uganda alikuwa mtu wa Mississippi, akiongozwa na kachumbari. Hapo ndipo unapojua kwamba mtungaji hakuwa na ramani.

Lakini tusiwacheke Wamarekani peke yao. Amin mwenyewe alikuwa mwanamieleka namba moja. Alikuwa bondia kwanza; alikuwa bingwa wa Uganda wa uzito wa juu kidogo tangu 1951 hadi 1960, na ubingwa ule haukuwa wa kupangwa. Alipotwaa nchi mwaka 1971 aliendelea kuingia ulingoni kila siku. Mwaka 1974 Mswisi mmoja, Barbet Schroeder, alitengeneza filamu ya Amin akijiigiza mwenyewe: anaogelea na wenzake mashindano na lazima ashinde yeye, anaigiza kuivamia Israeli. Vipande fulani vilipomuudhi aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka mtengenezaji akakubali kuvikata. Mwaka 1975, wakati wakuu wa Afrika walipokutana Kampala, alibebwa juu ya kiti na Waingereza. Hebu nitajie mwanamieleka aliyewahi kuingia kwa mbwembwe kama hizo. Na vita ilipoanza mwaka 1978, magazeti ya dunia yalimripoti akipendekeza kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalizane kwa ngumi, refa awe Muhammad Ali. Watu wengi ng'ambo walicheka. Ukiwa mbali, Amin alikuwa anachekesha. Ukiwa karibu ulikuwa unahesabu maiti.

Sinema nazo zilifuata njia hiyo. The Rise and Fall of Idi Amin ilitoka mwaka 1981, mtengenezaji akiwa Sharad Patel, na ilipigwa Kenya. Amin aliigizwa na Mkenya Joseph Olita. Kwa maoni yangu, na nipo tayari kubishana na yeyote, hakuna aliyemfikia Olita. Nimemwona Forest Whitaker katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyompa tuzo ya Oscar. Ni mwigizaji mkubwa, na alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi ile, nampa heshima zake. Lakini Whitaker anamwigiza Amin kama mgonjwa wa kuhurumiwa. Olita anamwigiza kama jirani: anacheka, anakupiga bega, halafu anakuua. Na mwili ule, na uso ule! Pale kibandani kuna watu walioapa kwamba ni Amin mwenyewe. Ubaya wa sinema ile ni kwamba haikutosheka na yale Amin aliyoyafanya, ambayo yalitosha kabisa. Ikaongeza vichwa vya watu kwenye friji, ikaongeza kula nyama ya mtu. Ndivyo pia alivyotangazwa Kamala, kwamba anakula watu. Mtungaji wa Nairobi na mtungaji wa Memphis walikutana kwenye sufuria moja bila kujuana.

Kwa nini tulizipenda picha hizi? Kwa sababu ileile tuliyompenda Rambo. Kwanza sisi ni watu wa Rombo, jina tu lilitutosha. Tulikuwa tunamwita wa kwetu aliyepotelea Marekani. Rambo alikuwa kwenye fulana, kwenye vinyozi, hata mfuko wa plastiki nchi nzima uliitwa rambo mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 2019. Lakini tulichokipenda ni Rambo wa mwaka 1985, yule wa mshale wenye baruti, mtu mmoja anayemaliza jeshi zima. Ile ya kwanza, First Blood ya 1982, mwenye kibanda aliionyesha mara moja tu akaizika, kwa sababu wateja walilalamika. Ndani yake steringi ni askari aliyerudi kutoka vitani, nchi yake haijui imfanyie nini, na mwisho wa picha analia. Tulizomea. Nani alipe kiingilio amwone Rambo analia? Mtu wa namna ile tulikuwa naye nyumbani, anapita na fimbo yake kila asubuhi kwenda kukatia ng'ombe majani.

Basi turudi kwenye ile jioni.

Sinema ya kwanza iliisha. Watu walishangilia Kampala ilipoanguka, kama vile wao ndio walioiangusha. Baba mdogo hakushangilia wala hakuondoka. Jenereta ikatiwa mafuta, kanda ya pili ikaingia kwenye deki. Ilikuwa SummerSlam ya mwaka 1992 pale Wembley, London, watu zaidi ya elfu themanini kwa hesabu ya wenyewe waandaaji. Kamala akatoka, miguu mitupu, mkuki mkononi, akijipiga tumbo. Anakodoa macho. Ananguruma. Mtangazaji anapayuka Kiingereza, na yule kijana wetu wa kutafsiri, aliyekaa pembeni ya televisheni, naye anapayuka kwa Kiswahili: huyu ndugu zangu ndiye aliyekuwa akimlinda Amin, huyu ameua mwenyewe kwa mikono, huyu haongei lugha ya binadamu!

Kibanda kizima kilimshangilia. Nataka nikiri hapa: na mimi nilishangilia. Alikuwa Mwafrika peke yake kwenye kanda nzima, au ndivyo tulivyodhani. Adui au si adui, alikuwa wetu. Undertaker alipoanza kumzidi tulimpigia kelele refa.

Katikati ya kelele nikasikia sauti nyuma yangu. Haikuwa kubwa.

"Huyu hajawahi kufika Uganda."

Kijana wa kutafsiri akageuka, akasema kwa adabu, "Mzee, imeandikwa hapa kwenye kasha, ni mlinzi wa Amin."

"Mbona haongei?"

"Hajui lugha, mzee. Ni mtu wa porini."

Baba mdogo akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Askari wa Amin wote walikuwa wanaongea Kiswahili. Ndiyo lugha ya jeshi lao. Tulipowakamata njiani baada ya Masaka walituomba maji. Kwa Kiswahili. Mmoja aliniita kaka."

Hakuna aliyejibu. Akashika fimbo yake, akainuka taratibu kama mtu anayetoka kanisani kabla ya misa kwisha, akaenda zake. Nyuma yetu Undertaker alikuwa bado anapigana. Yule kijana alitafsiri tena dakika moja au mbili, halafu akaacha kanda ijiendee yenyewe.

Kwa miaka mingi sikuwa na la kufanya na maneno yale. Nilikuja kuyaelewa nilipoanza kusoma. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi Uganda tangu wakati wa mkoloni. Amin mwenyewe alikizungumza, na mwaka 1973 alitangaza kwamba kiwe lugha ya taifa. Ni moja ya mambo yake machache ambayo sisi Waswahili tungeweza kumshukuru, tukashindwa kwa sababu ya mengine. Kwa hiyo mlinzi wa kweli wa Amin, akiwa amesimama mlangoni usiku na bunduki yake, angekuwa anaongea lugha hii ninayoiandika. Angekuwa anasema habari za jioni, afande. Angekuwa anaulizia bei ya sigara. Ni kitu kimoja tu ambacho watungaji wa Memphis walikikataza kabisa: Harris asiseme neno lolote, Kiingereza wala lugha nyingine. Anguruma tu. Hata Oktoba 1978, jeshi la Amin lilipovuka mpaka na kuchoma vijiji vya Kagera, waliochoma na waliochomewa walikuwa wanasikilizana maneno. Kwangu hilo linatisha kuliko mla watu yeyote. Jitu lisilo na lugha unaweza kulisamehe, kama unavyomsamehe mnyama. Mtu anayekuita kaka baada ya kuchoma kijiji, huyo utamfanyaje?

Na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa baba mdogo. Alitoka Rombo akiwa kijana wa mgambo, akaivuka nchi nzima hadi Kagera. Januari 1979 majeshi yetu yalivuka mpaka, Februari Masaka ikaanguka, Aprili 11 Kampala ikatekwa. Shuleni tulifundishwa tarehe hizo, nikapata alama zote. Hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba kati ya Februari na Aprili kulikuwa na mtu aliyeomba maji. Kama adui angekuwa kweli jitu linalonguruma, nafikiri baba mdogo angekuwa amesimulia vita vyake tangu zamani, kila jioni, kwa kata ya mbege, nasi tungemshangilia. Alinyamaza kwa sababu adui aliongea naye.

Sasa, mshabiki ana haki ya kuuliza: baada ya kujua yote hayo, Kamala nimtupe? Nimejaribu, nimeshindwa. Nimejifunza kwamba Harris naye alikuwa anaanguka kweli. Mshindi hupangwa, lakini mbao za ulingo hazipangwi. Mtu wa ratili 380 akitupwa chini, mgongo wake unajua. Novemba mwaka uleule wa 1992, huko Ohio, walimpa Undertaker pambano la jeneza, na Kamala akafungiwa ndani kwa misumari mbele ya watu. Mwaka 1993 wakamtungia hadithi mpya: mchungaji mmoja, Slick, anamfundisha kwamba yeye si mnyama bali ni mtu. Yaani ilichukua zaidi ya miaka kumi, tangu 1982, kwa Jitu la Uganda kupandishwa cheo kuwa binadamu, na hakukaa sana baada ya hapo. Mwaka huohuo aliondoka WWF, akarudi kuendesha malori. Sukari ilimla miguu: wa kushoto ulikatwa mwaka 2011, wa kulia mwaka 2012. Alikuja kuandika kitabu cha maisha yake na kukiita Kamala Speaks, yaani Kamala Anaongea. Jina hilo peke yake ni jibu kwa wale waliomziba mdomo. Alifariki Agosti 9, 2020, akiwa na miaka 70.

Kwa hiyo nikirudi kwenye ule ubishi wa wazee wa Mkuu, maoni yangu ni haya. Mieleka ni ya kweli kwenye mwili na ni ya uongo kwenye karatasi. Anayeanguka anaumia kweli. Hadithi anayovalishwa ndiyo inayotakiwa kuchunguzwa, nani kaitunga, na kaitunga akiwa na ramani ya wapi. Hali ni hiyohiyo kwa sinema. Sisi vijana tusiache kuzitazama, mimi sitaacha. Lakini picha ikituletea Mwafrika asiyeongea, tuulize kwanza kwa nini haongei. Na kama nyumbani tunaye mzee ambaye naye haongei, tusidhani hana la kusema.

Niliposoma kwamba Harris amefariki nilikwenda kumwambia baba mdogo. Nilimkuta kihambani anapunguzia migomba majani, Mawenzi iko wazi nyuma yake. Nikamwambia, unamkumbuka yule wa kwenye video, mlinzi wa Amin, asiyeongea? Akasema anamkumbuka. Nikamwambia alikuwa mtu wa Marekani, mtoto wa mkulima, alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya sukari, na sasa amekufa.

Akaacha kazi, akaegemea fimbo.

"Aliitwa nani?"

"James. James Harris."

"James," akasema. Akafikiri kidogo. "Kumbe alikuwa na jina la kawaida tu."

Halafu akaniuliza kama James aliacha watoto, nami nikamwambia aliacha. Akatikisa kichwa, akasema poleni, kama vile mimi ndiye niliyefiwa. Tukakaa chini ya mgomba. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alinisimulia habari za yule mtu wa Masaka, kuanzia pale alipoomba maji. Jina lake pia alilikumbuka.